Mgao Uliobandikwa Ubaoni

Kwa zaidi ya miaka ishirini, karibu kila karatasi iliyotoka ofisi ya Mkuu wa Chuo ilipita kwanza mikononi mwangu. Nilikuwa karani mpiga chapa, baadaye katibu muhtasi, katika chuo kimoja cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini. Niliajiriwa mwaka 1973 nikiwa binti niliyetoka kumaliza mafunzo ya uhazili, nikaondoka katikati ya miaka ya 1990. Katika muda huo nchi ilipita kwenye Azimio la Musoma, vita vya Kagera, uhaba wa bidhaa, msako wa wahujumu uchumi, ruksa ya Mzee Mwinyi na ujio wa vyama vingi. Mambo hayo yameandikwa sana na waliokuwa karibu na wakubwa. Mimi niliyaona nikiwa nyuma ya taipureta, na nina ushahidi wangu wa kutoa kuhusu jinsi siasa ilivyoingia jikoni, bwenini na kwenye bahasha ya mshahara.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nguvu. Waraka au mtihani ukitakiwa kwa wanachuo wote, nilizima utepe wa wino, nikaingiza stensili, nikagonga kila herufi kwa uzito uleule ili itoboe nta bila kuichana. Herufi ikikosewa, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unaipuliza ikauke, kisha unagonga tena juu yake. Ikishakamilika, stensili inavalishwa kwenye mashine ya kudurufu ya Gestetner, na mpini unazungushwa kwa mkono huku karatasi zikitoka moja moja na wino wake mbichi. Wakati wa mitihani tulijifungia, mhudumu wa ofisi na mimi, tukizungusha kwa zamu hadi mabega yakauma. Stensili zilizotumika zilichomwa moto mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo, naye aliondoka pale baada ya kuona majivu tu.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala wakati huo, ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Uamuzi huo, ndio Azimio la Musoma, ulikuwa mkubwa kuliko idadi ya walimu waliokuwapo. Vyuo vyote vya ualimu vikijumlishwa, visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Ndipo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa kufundisha katika shule za vijiji huku wao wenyewe wakisoma kwa njia ya posta na redio. Mwisho wa mafunzo waliletwa chuoni kwa majuma machache kumalizia masomo na kufanya mitihani. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote.

Nawakumbuka wakishuka kwenye lori na masanduku yao ya bati, wengine wakiwa wadogo kuliko wadogo zangu. Tangu siku hizo watu wamewabeza, na hadi leo ukitaka kumdharau mwalimu unaambiwa useme ni wa UPE. Mimi sikubaliani na dharau hiyo. Karatasi zilikuwa adimu, na jioni vijana hao walikuja dirishani kwangu kuomba zile zilizoharibika kwenye mashine, ili waandike maandalio ya somo upande wa nyuma usio na maandishi. Msichana mmoja kutoka wilaya ya jirani alizikata nusu kwa nusu kwa wembe, akazishona kwa uzi wa gunia, akapata daftari. Kijana mwenye moyo huo alipewa darasa lenye watoto wengi, chini ya mwembe, bila vitabu. Aliyeshindwa hapo ni mpango uliomtuma bila nyenzo.

Maisha ya chuo yalikwenda kwa filimbi. Alfajiri ilikuwa mchakamchaka na nyimbo, kisha usafi, gwaride, masomo, na mchana shamba la Elimu ya Kujitegemea. Wafanyakazi nasi tulikuwa na ekari zetu za mahindi na maharage, na wengi wetu tulipita mafunzo ya mgambo. Tawi la chama lilikuwa palepale kazini. Wapo wanaosema yote yale yalikuwa kelele za siasa. Kelele zilikuwapo, lakini lilikuwapo jambo jingine ambalo wasemaji hao hulisahau. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikuwa umekataza kiongozi kuwa na majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Kifungu hicho mpishi wetu mkuu alikijua kwa moyo, ingawa alijifunza kusoma ukubwani katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Katika mkutano wa wafanyakazi alisimama na aproni yake, akamwuliza Mkuu wa Chuo kwa nini gari la chuo lilikwenda kuchukua kuni za mkufunzi mmoja wakati jiko la wanachuo halina kuni. Mkuu alijibu, na jibu lake likaingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Mimi ndiye niliyezipiga chapa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Magari ya mizigo yalichukuliwa kwa ajili ya vita, vijana waliaga, na kila jioni tulikusanyika kwenye redio ya bwalo kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Kampala ilipoangushwa Aprili 1979 tulishangilia. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na mikanda haikulegea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda duniani, fedha za kigeni ziliisha, viwanda vikakosa vipuri.

Wasomaji vijana wanahitaji kuelezwa maana ya uhaba ule. Sabuni ilipokosekana tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tulikunywa kwa sukari guru, au kwa peremende iliyowekwa mdomoni. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ulipikwa hata kwetu tunaolima mahindi meupe. Khanga ya kujifungulia ilitafutwa tangu mimba ikiwa changa. Katika zahanati dawa za watoto zilikosekana, na wapo waliozikwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo asinielewe mtu vibaya: sitamani miaka ile irudi.

Lakini katika uhaba huohuo niliona jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Bidhaa zilipofika kutoka kampuni ya biashara ya mkoa, chuo kilipewa mgao. Kamati ya mgao ilikuwa na mkufunzi mmoja, mtunza stoo, mwakilishi wa JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi, na mwanamke mmoja kutoka nyumba za wafanyakazi. Walikaa, wakagawa kwa idadi ya watu katika kaya, nami nikapiga chapa orodha: jina, idadi ya watu, kilo za sukari, miche ya sabuni, chupa za mafuta ya kupikia. Mkuu wa Chuo alikuwa na watoto wawili, mfagizi wa mabweni alikuwa na sita. Kwa hiyo kwenye orodha mfagizi alipata zaidi. Kabla gramu moja haijatoka stoo, karatasi ile ilibandikwa kwenye ubao nje ya bwalo, ikakaa hapo siku nzima ili kila mtu aione na mwenye malalamiko aseme.

Siku moja kiongozi mmoja wa ngazi ya wilaya alimtuma dereva wake na kikaratasi, akiomba atengewe gunia la sukari kabla ya mgao. Mkuu alikisoma kikaratasi mara mbili, akanigeukia. "Binti," akasema, "muongeze kwenye orodha. Andika cheo chake na kiasi alichoomba, halafu ubandike." Akamwambia dereva kwa upole kwamba ombi la mzee limepokelewa na litaonekana ubaoni pamoja na ya wengine. Dereva aliondoka. Nilikuwa bado sijafika katikati ya ukurasa aliporudi mbio na kusema bosi wake hahitaji tena sukari.

Sikumbuki ugomvi mkubwa juu ya mgao katika miaka yote ile. Watu walikuwa na njaa, walichoka, walinung'unika juu ya serikali wakiwa kwenye foleni, lakini ndani ya uzio wa chuo waliaminiana. Kila mmoja alijua jirani yake amepata nini, na kwa kanuni gani.

Mwaka 1983 Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili, alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, mali zilizofichwa zikatupwa usiku porini na mitoni. Wanyonge wengi walifurahi, nami nilifurahi. Lakini niliona pia hofu ikipanda: mama aliyekuwa na madumu matatu ya mafuta ya kula aliyazika nyuma ya nyumba, asijue kama yeye naye ni mhujumu. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni. Wanaume ambao sikuwahi kuwaona wakilia, nililia nao bwaloni.

Bajeti ya mwaka huohuo iliruhusu wenye fedha za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais Novemba 1985 mlango ukafunguka zaidi; hiyo ndiyo ruksa yake. Sabuni za rangi zote zikajaa sokoni, mitumba ikaja, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kikatupunguzia kilio cha karatasi. Ubao wa mgao ukabaki mtupu. Tulishukuru, kisha tukagundua kwamba bidhaa zipo ila mshahara haufiki zilipo. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani, na bei zikapanda wiki hadi wiki. Mkufunzi wa hisabati akaanza kufuga nguruwe, mwenzake wa historia akafungua duka la rejareja, mimi nikafuga kuku na jioni nikawapigia watu chapa barua za maombi ya kazi. Hayakuwa maisha ya aibu, ila akili ya mtu ilikuwa nusu kazini, nusu bandani.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na kupunguzwa kwa watumishi wa serikali. Hazina haikuwa na fedha, wafadhili walidai idadi ishuke, na pengine hapakuwa na njia nyingine. Walimu hawakuguswa sana. Zamu iliwaangukia wapishi, wafagizi, walinzi na wahudumu. Safari hii orodha haikuwa na kamati. Ilikuja kutoka juu ikiwa na alama ya siri, na uongozi wa chuo uliokuwapo wakati huo ukaniagiza nipige chapa barua mlango ukiwa umefungwa. Ubaoni hakikubandikwa kitu. Hakuna aliyeambiwa kilichotazamwa ni umri, elimu, miaka ya kazi au kitu kingine.

Bahasha za kaki ziligawiwa Ijumaa mchana. Mpishi mkuu, yule wa kifungu cha 15, alikuja ofisini na yake mkononi. Aliniamkia kwa heshima kama kawaida, akaniomba nimsomee, ingawa alijua kusoma. Nilimsomea. Akauliza swali moja: "Mwanangu, wenzangu waliobaki wamebaki kwa kipimo gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi niliyeandika barua ile sikuelezwa. Akaikunja, akaaga.

Baada ya siku ile chuo hakikuwa kilekile. Walioondoka waliamini wamechongewa, waliobaki walishukiwa kuwa ndio waliochonga. Wengine walisema ni kabila, wengine dini, wengine undugu na mtu fulani wizarani. Huenda hapakuwa na ukweli katika hayo yote. Lakini mahali pasipo na maelezo, fununu hukaa. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 ulipofika, watu waliokula pamoja miaka mingi walikuwa tayari wamegawanyika, na chanzo hakikuwa vyama.

Nimewasikia wengi wakisema Watanzania wa zamani walikuwa wavumilivu kwa asili yao. Mimi nakataa. Tulivumilia kwa sababu shida iligawanywa hadharani na mkubwa alionekana kwenye foleni moja nasi. Watu walewale, palepale, walikosa uvumilivu pale uamuzi ulipofichwa, japokuwa sabuni na sukari zilikuwa tele dukani.

Nanyi mnaoongoza shule, vyuo, hospitali na halmashauri leo, ombi langu ni hili. Mkiwa na kidogo cha kugawa, au na machungu ya kugawa, bandikeni orodha na kanuni yake mahali ambapo hata mfagizi ataisoma, kabla hamjatekeleza. Mwacheni aulize, na jibu lake liandikwe.