Gita Moja, Sauti Mbili

Kila mtu ana chombo anachokimiliki na chombo anachokitamani, na ni nadra viwili hivyo kuwa kimoja. Mimi nilimiliki gita la nyuzi sita. Nikatamani gita la besi, lile la nyuzi nne nene ambalo ni msingi wa muziki, kama mawe yaliyofukiwa ardhini yalivyo msingi wa nyumba. Nyimbo nilizorekodi nyumbani kwa kompyuta zilikuwa na mwili, lakini hazikuwa na miguu.

Wakati huo nilikuwa na amana. Mama alinikabidhi fedha za karo ya mdogo wangu wa kike, nizitunze mpaka shule zifunguliwe. Sikufichi, msomaji: siku moja nilizihesabu mara mbili, nikazitia mfukoni, nikashika njia ya dukani. Nilijiambia kuwa nitazirudisha nikishauza nyimbo. Tamaa haikosi neno tamu.

Njiani nilikutana na mjomba wangu, ambaye ujanani alipiga gita katika harusi. Nilimweleza haja yangu, ila asili ya fedha niliinyamazia. Hakuniuliza bei. Aliniuliza, "Mpwa wangu, gumba lako hufanya kazi gani?" Kisha akanikumbusha habari za George Mukabi, mpigaji mashuhuri wa magharibi mwa Kenya aliyefariki mwaka 1963. Katika upigaji wa omutibo, gumba husema kwa nyuzi nene na kidole cha shahada huimba kwa nyuzi nyembamba, hata gita moja likasikika kama mawili.

Nilirudi nyumbani kwa aibu, nikaziweka fedha mahali pake, nikashika gita.

Sikiliza nilivyofanya, huenda nawe ukahitaji. Kwanza, niliacha kupiga nyuzi nyingi pamoja, kwa maana besi hutembea hatua moja moja. Pili, nilitumia nyama ya gumba, si kucha, nikagusa nyuzi nene karibu na shingo ya gita, ambapo sauti ni laini. Ubavu wa kiganja niliulaza kidogo juu ya nyuzi ili mlio usirefuke. Tatu, niligeukia kompyuta. Uzi mnene kuliko yote wa gita hutikisika kiasi cha mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi hutikisika kiasi cha mara 41, yaani nusu yake. Nusu hiyo huitwa oktava moja. Niliiagiza programu ishushe sauti kwa oktava moja, nikapunguza ukali wa sauti za juu. Zile za chini sikuzizidisha, kwa sababu mvumo ukizidi humfunika mwimbaji. Zamani, kwa mashine za kanda, jambo hilo liliwezekana kwa kupiga upesi maradufu, kisha kuichezesha kanda kwa nusu ya mwendo.

Je, ilikuwa besi ya kweli? Hapana. Uzi wa besi una uzito ambao hila haiwezi kuuiga wote, na sikio la fundi hutambua. Lakini wimbo ulipata miguu. Mdogo wangu alipousikia aliniuliza, "Kaka, besi umeiazima wapi?" Nilicheka, nisijibu. Kama ningesema kweli, ningemwambia kuwa nilikaribia kuinunua kwa masomo yake.

Shule zilipofunguliwa nilimrudishia mama amana yake kamili. Mimi nilizihesabu mara mbili. Yeye hakuzihesabu hata mara moja. Imani ile ilinichoma kuliko karipio.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliijua darasani. Maana yake niliijua siku ile. Kutamani chombo kipya si kosa, msomaji. Lakini kabla hujatia mkono mfukoni, liulize kwanza gumba lako, kisha uulize fedha hizo ni za nani.