Hodi Kabla ya Kuingia



Katika nyumba zetu za pwani, mtoto kabla hajaijua alifu wala be hufundishwa kupiga hodi. Akiingia nyumba ya jirani kimya kimya hurudishwa mlangoni, akaambiwa, "Toka, kisha upige hodi." Adabu hii hatukuitunga sisi. Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala, katika Sura An-Nur, ametuamrisha tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, basi turudi. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa idhini huombwa mara tatu, mtu asipopewa, aende zake.

Leo nataka kuzungumza juu ya hodi nyingine, hodi ya mtu mbele ya nchi ya watu, ambayo siku hizi huitwa viza. Wala sisemi kwa kusikia. Nimeyapitia mwenyewe, na nusura yanitie aibuni uzeeni.

Mimi kwetu ni Kilwa Kivinje. Mwaka 1989 nilikuja Lundo, katika mkoa wa Ruvuma, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuwasomesha watoto Kurani, na hapa ndipo nilipooa na kuzaa. Jirani zetu ni watu wa Liuli. Pale Liuli pana majabali makubwa ziwani, na ukiyatazama kutoka chomboni waona kama mnyama aliyelala, kainua kichwa. Wajerumani walipofika wakapaita Sphinxhafen, yaani bandari ya Abul Hauli, ile sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na uso wa mtu. Waliingia bila ya hodi, na jina la mahali wakalibadili.

Basi kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza, "Maalim, lile la Misri lenyewe umeliona?" Nami nikijibu kuwa sijaliona. Lakini shauku yangu haikuwa sanamu. Kairo ndiko alikozikwa Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijria, sawa na mwaka 820, ambaye sisi watu wa pwani twasali, twafunga, twaoa na kurithishana kwa madhehebu yake. Na huko ndiko uliko msikiti wa Azhar, ulioanza kujengwa mwaka 970. Maalim wangu wa Kivinje, Mungu amrehemu, alikuwa akiutaja Azhar takriban kila siku, naye hakuuona hata siku moja.

Mwaka 2023 mmoja katika niliowasomesha, anayefanya kazi Dar es Salaam, akaniambia, "Maalim, tikiti na matumizi ni juu yangu. Wewe shughulikia makaratasi tu." Nikadhani makaratasi ndiyo mepesi.

Nitayataja, huenda yakamfaa msomaji. La kwanza ni pasi ya kusafiria. Yataka kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi au kiapo badala yake. Sisi wa umri wangu wengi tumezaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, cheti hatuna. Basi nikaanza kukitafuta hicho. Kisha nikaenda Songea, kwenye ofisi ya uhamiaji ya mkoa, kwa njia ya Mbamba Bay na Mbinga, nikaenda na kurudi mara mbili. Pasi hii ya kielektroniki ilianza kutolewa nchini mwaka 2018. Nilipochukua yangu ada ilikuwa shilingi 150,000, nayo ni ya miaka 10. Ila kuna jambo wengi hawalijui: nchi nyingi, na Misri miongoni mwao, hutaka pasi iwe imebakiwa na miezi 6 isiyopungua. Pasi iliyobakiwa na miezi 4 nyumbani ni nzima, ugenini ni maiti.

La pili ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri anayetoka sehemu zetu huweza kuulizwa. Zamani ilikuwa ya miaka 10. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, chanjo moja yatosha umri wote, hata kwa kadi za zamani. Mwenye yake asiitupe.

La tatu ndiyo viza yenyewe. Niliambiwa niiombe kabla ya safari, katika ubalozi wa Misri ulioko Dar es Salaam. Nilitakiwa nijaze fomu, nitoe picha, tikiti ya kwenda na kurudi, na mahali nitakapolala. Juu ya hayo nilitakiwa taarifa ya benki, ijulikane kuwa nina cha kutumia na kwamba sitabaki kuwa mzigo kwa watu. Kanuni hizi hubadilika, kwa hivyo mwenye safari aulize ubalozini, asiulize barazani.

Hapo kwenye benki ndipo penye kisa changu. Mwalimu wa chuo hana mshahara. Nina sehemu katika wavu wa usipa, na shamba la mihogo. Hesabu yangu ya benki ilikuwa na shilingi 83,000. Nikampigia simu mtu mmoja mwenye kazi ya kuwatengenezea watu safari. Akacheka, akasema, "Sheikh, hilo dogo. Tafuta pesa popote, ziweke benki, zilale wiki chache, upewe taarifa, kisha uzitoe. Na kwenye kazi andika mfanyabiashara."

Sasa, ndugu zangu, chumbani kwangu palikuwa na sanduku la chuma, na ndani yake shilingi 6,400,000. Zilikuwa pesa za mabati ya madrasa. Walizitoa wavuvi, wakazitoa wauza mihogo, shilingi elfu kwa elfu, kwa miaka mitatu. Nami ndiye niliyeaminiwa ufunguo. Nikajiambia, "Sizili. Zitalala tu mahali pengine, tena benki ni salama kuliko chumbani." Shetani hakwambii uibe. Hukwambia uhamishe. Nikazichukua mpaka Mbinga, nikazitia katika hesabu yenye jina langu.

Haikupita wiki. Usiku mmoja baada ya Isha nilikuwa nawasomesha vijana adabu za kuomba idhini. Nikawasimulia habari ya sahaba Jabir, Mungu amridhie, aliyebisha hodi kwa Mtume (S.A.W.). Akaulizwa ni nani. Akajibu, "Mimi." Mtume akakirihi jawabu hilo, kwani mwenye kubisha hodi ampasa ataje jina lake, ajulikane. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili akanyosha mkono: "Maalim, na kama mtu akiulizwa ni nani, akataja jina la mtu mwingine ili afunguliwe?"

Nikamjibu, "Huyo ni mwizi, hata kama hakuchukua kitu."

Ulimi ulipomaliza kusema, moyo ukaanza. Kwani ile fomu ni nini kama si mwenye nyumba anauliza, "Nani?" Na mimi nilikuwa tayari kujibu kuwa ni mfanyabiashara mwenye milioni sita. Nilikuwa nagonga mlango wa nchi alimolala Imamu Shafii kwa jina lisilo langu. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikapanda gari kwenda Mbinga nikazitoa pesa zote, na kilichokatwa na benki nikakilipa mwenyewe. Ijumaa ile, baada ya sala, nikasimama mbele ya kamati nikaeleza kila kitu. Wengine walinyamaza, na kimya chao kilikuwa kizito kuliko matusi. Kisha nikamwendea nyumbani bibi mmoja muuza mihogo, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa hakosi kutoa kila mwezi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Maalim, ungetuomba labda tungekupa. Lakini hukupiga hodi."

Maneno yale ninayo mpaka leo. Nilikuwa nimeingia bila ya idhini nyumba mbili kwa mara moja: mali ya watu, na nchi ya watu. Wenye mali pengine wangeniruhusu. Uwongo hakuna wa kuniruhusu. Nikairudishia kamati ufunguo, na tangu siku ile sanduku lina kufuli mbili na watu wawili.

Kisha nikajaza fomu kwa haki yake. Kwenye kazi nikaandika mwalimu wa madrasa. Nikaweka taarifa yangu ya benki na zile shilingi 83,000 zangu, barua ya serikali ya kijiji inayonitambulisha, na barua ya kijana wangu akisema yeye ndiye mwenye kugharimia, pamoja na taarifa yake ya benki. Nikajiambia, nikiambiwa nirudi, nitarudi. Zikapita wiki kadhaa, viza ikatoka. Alhamdulillahi.

Jirani yangu mmoja alinung'unika kwa ajili yangu. Akasema, "Wewe Mwislamu waulizwa yote haya, na Mzungu ashuka Kairo akalipa palepale uwanjani akapita?" Ni kweli, watu wa nchi nyingi za Ulaya na Marekani wamekuwa wakipewa viza pale pale wanapofika, na ada yake kwa miaka mingi ilikuwa dola 25. Nami sisemi kuwa mizani ya dunia iko sawa. Lakini nasi je? Mgeni wa nchi nyingi akija Tanzania ameitwa dola 50, Mmarekani dola 100. Kila mwenye nyumba ana mlango wake. Na udhalimu wa mlango, ukiwapo, hauhalalishi uwongo wa mgeni.

Wako pia wasemao kuwa wazee wetu walitembea dunia bila ya karatasi. Ibn Battuta alitoka Tanja, huko Maghribi, mwaka 1325, na mwaka 1331 alifika kwetu Kilwa. Huyo Ibn Battuta mwenyewe ameeleza habari za Qatya, kituo kilichokuwa njiani baina ya Misri na Sham, kwamba hapiti mtu ila kwa kibali. Jioni mchanga wa njia ulikuwa ukilainishwa, na asubuhi hutazamwa kama pana nyayo za aliyepita kwa siri, akatafutwa. Basi hodi ya nchi si jambo la jana.

Miezi michache baada ya kurudi kwangu ikaja Hija ya mwaka 2024. Joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliofariki ni watu 1,301, na asilimia 83 yao hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi waliingia kwa viza za matembezi, wakawa hawana hema wala gari, wakitembea mwendo mrefu juani. Misri iliyanyang'anya leseni makampuni 16 ya safari kwa sababu hiyo. Mungu awarehemu marehemu. Sitaji habari yao ili kuwahukumu. Nataja ili tujue kuwa dalali akikwambia "hilo dogo", mwenye kulipa si yeye.

Nilipofika uwanja wa Kairo, askari aliichukua pasi yangu akaniuliza, "Umekuja kufanya nini?" Nikamwambia kwa Kiarabu cha chuoni kuwa ni mwalimu, nimekuja kumzuru Imamu Shafii na kusali Azhar. Akapiga muhuri. Nilikaa siku 12, nikaondoka viza ikiwa bado na siku zake. Nilisali Azhar rakaa mbili, na thawabu nikamwombea maalim wangu wa Kivinje. Na Giza nilikwenda. Nilipolitazama lile Abul Hauli nilicheka peke yangu, nikakumbuka majabali ya Liuli.

Niliporudi Lundo, nilimkuta yule kijana wa miaka kumi na miwili akinisubiri. Akaniuliza, "Maalim, Misri walikufungulia?" Nikamwambia, "Walinifungulia, kwa sababu nilitaja jina langu." Sikumwambia kuwa ni yeye aliyenikumbusha. Namwambia leo.

Ndugu zangu, tuwafundishe watoto wetu hodi, kisha tuwaonyeshe kwa vitendo, nyumbani na safarini. Wallahu aalam.