Viwiko Kauntani

Glasgow, Alhamisi 9 Oktoba 2025

Mvua tangu asubuhi. Drury Street ni kichochoro tu, waweza kuipita baa ya Horse Shoe usiione. Ndani, kaunta imepinda na kuzunguka kwa umbo la kwato ya farasi, zaidi ya mita 30, mbao zake zimeng'arishwa na viwiko vya watu waliokwisha kufa.

Vigae na taa sivipi alama, naipa kaunta. Naagiza nusu painti, naketi peke yangu, nawatazama wahudumu. Baa za hapa hazina foleni. Watu wanajipanga bega kwa bega, na mhudumu ndiye anayejua kichwani nani kafika kwanza, nani kafuata. Anayepunga noti hewani anaachwa apunge. Leo, saa kumi na moja jioni, ofisi zote zimemwagikia humu. Kijana aliyekuwa akimimina Tennent's, ambayo hutengenezwa humu humu jijini tangu 1885, alinitupia jicho na kuinua kidole kimoja: nimekuona. Nikatulia. Mama, aliyekuwa na grosari Moshi, angemwajiri papo hapo. Kwake mteja aliyekaa dakika tano bila kusalimiwa utamuuzia bia, lakini kesho humwoni.

Edinburgh, Jumanne 14 Oktoba

Nyumbani leo ni Siku ya Nyerere. Mwalimu alisoma hapa, 1949 hadi 1952, enzi ambazo baa zilikuwa bado zimefungwa Jumapili kwa mkono wa sheria ya 1853. Aliyeshikwa na kiu siku hiyo ilimbidi aende hotelini, aandike daftarini kwamba yu safarini. Basi watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, walipanda basi hadi mji wa jirani ili wawe wasafiri kwa saa mbili. Baa za kawaida zilisubiri mpaka sheria ya 1976.

Baa ya Café Royal inaumiza shingo kwa uzuri. Ukutani, kwa vigae vya Doulton, wamechorwa wavumbuzi: Watt, Faraday, Stephenson na wenzao, kila mtu na kazi yake mkononi. Ila nusu ya tuliokuwemo tulikuja kuangalia kuta, na mtazama kuta haagizi raundi. Nikavuka hadi Young Street, Oxford Bar, ile ambayo mwandishi Ian Rankin alimpa mpelelezi wake Rebus aende kunywea. Chumba cha mbele ni kidogo hivi kwamba kunyamaza humo ni ukosefu wa adabu. Dakika kumi hazijaisha nilikuwa nikibishana na mstaafu mmoja kuhusu Celtic, timu ambayo siifuatilii kabisa.

Njiani, Jumatano 15

Baa moja, jina nalihifadhi. Televisheni nne, mhudumu na simu yake. Nikauliza wiski mnapima mililita 25 au 35? "Kipimo cha kawaida." Sheria inawataka wachague mojawapo na kubandika tangazo mteja alione. Nilikunywa hicho cha kawaida nikaondoka.

Dundee, Alhamisi 16

Mji huu uliwahi kumwangusha Winston Churchill, 1922, na aliyempiku ni Edwin Scrymgeour, mtu aliyetaka pombe ipigwe marufuku. Hakuna mwingine aliyewahi kuingia Bunge la Uingereza kwa tiketi hiyo. Na bado Perth Road ina baa ya 1903 iliyo salama kabisa. Kwenye kibao ni Speedwell, mdomoni mwa watu ni Mennie's, kwa jina la mama aliyeiendesha miaka mingi. Jina la mwenye kaunta limeshinda la kwenye kibao, na mimi naona ni haki.

Nikaagiza ale ya shilingi 80, iitwayo hivyo kwa bei ya zamani ya pipa. Kwetu mhudumu huuliza, ya moto au ya baridi? Hii si moto wala baridi: hutunzwa chini ya ardhi, nyuzi 12 hivi, na ladha huja taratibu baada ya kumeza. Funda la kwanza sikulipenda. La tatu, nilikuwa nimeacha kuandika.

Aberdeen, Jumamosi 18

The Grill, Union Street. Mbao nyekundu, dari la duaradufu, wiski mamia. Zamani wanawake hawakuruhusiwa humu. Mwaka 1973 wajumbe wanawake wa mkutano wa vyama vya wafanyakazi, uliokuwa ukifanyika Music Hall ng'ambo ya barabara, walivamia wakidai kuhudumiwa. Sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia ikaja 1975. Choo cha wanawake kikaja 1998. Yaani kwa zaidi ya miaka 20 uliruhusiwa kunywa, mradi usihitaji kwenda haja.

Kwetu pia, mwanamke akiketi kauntani peke yake na chupa yake, wapo watakaoanza kumkadiria. Hapa nilipewa kiti cha kati. Mhudumu aliniuliza napenda moshi au utamu, akashusha chupa tatu, akaninusisha vizibo kabla ya kumimina, akaniambia bei bila kuulizwa. Kisha akasogea akanipa nafasi. Kaunta nimeipa kumi. Chooni niliingia kwa makusudi, sina haja yoyote.