Tarehe za Kula Mjini

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja iliyokuwa ghorofani, Barabara ya Samora, si mbali na Sanamu ya Askari. Ofisi haikuwa na kantini. Ikifika saa saba mchana kila mtu aliteremka ngazi akijua aendako, na aendako kulitegemea tarehe. Mshahara ulitoka kwenye tarehe 25 hivi. Kwa wiki moja baada ya hapo sote tulikuwa matajiri, mwezi ukifika katikati mtu anaanza kupapasa mfuko kabla ya kusimama, kisha unaingia mwambo, na hapo hata mkuu wa kitengo utamwona ghafla amekuwa mpenzi wa maharage.

Aliyenionyesha mji wa kula alikuwa mzee wa masijala. Samora alikuwa bado anaiita Independence Avenue akijisahau, na aliijua Dar es Salaam kwa harufu ya majiko. Ukimuuliza faili liko wapi anafikiri kwanza. Ukimuuliza leo wapi kuna supu nzuri, jibu lilikuwa tayari.

Siku za mwambo tulikula kwa mama ntilie, uani, nyuma ya jengo la zamani lenye kuta nene na paa la bati lililoshika kutu. Pale palikuwa na mabenchi mawili, meza iliyotandikwa plastiki ya maua, beseni, jagi la maji na kipande cha sabuni. Masufuria yalikaa chini, yamefunikwa, na mama mwenyewe kwenye kigoda katikati yake, mwiko mkononi. Swali lake lilikuwa moja: "Wali na nini, baba?" Ukijibu "maharage" anapakua, anakumwagia kijiko cha mchuzi wa nyama juu yake bila kuombwa, na mchicha pembeni. Ukisema "nusu nusu" unapata wali upande huu, ugali upande ule. Noti ya mia tano ilitosha na chenji ikarudi.

Sheria za pale hazikuandikwa popote. Bei haikuulizwa, maana anayeuliza bei ni mgeni. Hukai ukapiga soga ukishamaliza, kwa sababu nyuma yako amesimama mtu ameshika sahani na mchuzi unapoa. Anayesoma gazeti mezani alionekana hana adabu. Wakubwa hawakuja, walimtuma kijana wa ofisi na hotipoti, kisha wakala wakiwa wamefunga mlango, ingawa harufu ya dagaa haina mlango. Mimi niliwaonea huruma. Chakula kile kilikuwa kitamu pale pale kwenye benchi, bega kwa bega na dereva wa teksi, tarishi wa wizara na mwanasheria aliyetupia tai yake begani isiingie kwenye mchuzi.

Kilichotuweka hai zaidi lilikuwa daftari la mama. Tulikula mali kauli. Jina lako linaandikwa, mstari unachorwa kwa kila sahani, na tarehe ya mshahara unakwenda kufutiwa. Nilifanya kazi ya hesabu miaka mingi baadaye, nikaona vitabu vya kampuni kubwa, na sikuona vilivyosawazishwa kwa usahihi kama daftari lile la kurasa zenye madoa ya mafuta. Mama alimjua kila mmoja kwa cheo na kwa uzito wa deni. Askari wa mgambo walipokuja kufukuza wauza vyakula, masufuria yaliingia kwenye kibanda cha mlinzi kufumba na kufumbua, mabenchi yakapinduliwa, na sisi wateja tukawa watu tu waliosimama uani kwa sababu zao. Ila kila kipindupindu kilipoingia mjini na vyakula vya barabarani kupigwa marufuku, ua ulikuwa mtupu wiki nzima, na hapo ndipo ulipojua ofisini nani hajui kuvumilia njaa.

Mwezi ulipokuwa katikati, pesa ikiwa si nyingi wala si haba, mzee alinipeleka Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindu. Jirani palikuwa na mgahawa wa chakula kisicho na nyama. Unaketi, unawekewa sinia la stili lenye vibakuli, kisha vijana wanapita na ndoo ndogo: dengu, viazi vyenye binzari, bamia, mtindi, achari ya embe inayokutoa machozi, na chapati nyembamba zinazotoka jikoni moja moja zikiwa bado zimevimba. Bei ilikuwa moja na chakula hakikwisha. Kibakuli kikipungua, kijana ameshafika. Kusema "imetosha" hakukusaidia, alidhani unaona haya. Ilibidi ufunike sinia kwa viganja viwili kama unayekinga mvua, naye akishakuona hivyo anaondoka ameridhika.

Mzee alikuwa mtu wa Morogoro, mlaji wa nyama asiyeficha, lakini pale alikula kwa heshima na hakuwahi kusema chakula kimepungukiwa na kitu. "Nyama tutaikuta tarehe ishirini na tano," aliniambia. "Haiendi popote."

Jioni, kabla ya kugombania daladala, tulipitia mgahawa wa chai maeneo yale yale. Hapo hukuulizwa unataka nini. Chai ya maziwa inakuja na sahani imejaa sambusa, kababu, katlesi na egichopu, lile yai lililochemshwa likavikwa nyama ya kusaga na kukaangwa. Unakula unachotaka. Ukiinuka, mhudumu anahesabu vilivyobaki, anatoa jumla kichwani na kumtangazia mwenye duka aliyekaa kwenye droo ya pesa mlangoni, kwa sauti ambayo mgahawa mzima unasikia ulikula sambusa ngapi. Kwenye meza za jirani walikaa mafundi saa, madalali wa magari, wazee wa Kiyemeni na vijana wa Upanga waliotoka msikitini, na Simba na Yanga zilijadiliwa kwa lafudhi zote. Sikujua mahali pengine mjini ambapo watu wa aina ile waligusana viwiko.

Tarehe 25 ikifika, ofisi nzima iliteremka kwa kundi hadi Chef's Pride, Mtaa wa Chagga. Akina dada wa mapokezi walibadilisha viatu. Hapo kulikuwa na menyu ya kushika mkononi, biriani, kuku, pilau, hata vyakula vya Kichina, na kelele tele. Baadaye wenye watoto waliwapeleka Sno-Cream, Mtaa wa Mansfield, kwa aiskrimu iliyopambwa hadi mtoto asijue aanzie wapi. Kwa hayo sina mengi ya kusema. Mtu mwenye pesa anakula popote, na mlo wa aina hiyo unasahaulika.

Ijumaa ya mshahara ilikuwa na Sinza yake. Nyama choma ya baa ina mpango ambao mgeni huchelewa kuuelewa: kaunta ni ya mtu mmoja, jiko ni la mwingine aliyekodi pembe ile. Dada anayekuletea bia hajui lolote kuhusu mbuzi wako. Unakwenda mwenyewe hadi dirisha la jiko, unaonyesha paja au mbavu zinazoning'inia, zinapimwa mbele yako, unasema "kilo moja na ndizi nne," kisha unarudi kusubiri. Utasubiri kweli, na mwenye kaunta anaufurahia ucheleweshaji huo kuliko mtu yeyote. Nyama inafika imekatwakatwa kwenye sinia, na chumvi, pilipili mbuzi, ndimu na kachumbari. Mwishoni zinakuja bili mbili, nao ugomvi hutokea kwa sababu kila mmoja wenu anaamini ameshalipia ile kubwa. Waliokula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, walikaa upande wa pili wa ukuta wa makuti, na kule niliwahi kuona nyuso ambazo sizitaji hadi leo.

Kisha migahawa ya baga kutoka Afrika Kusini ikafika katikati ya jiji, yenye taa kali na picha za chakula ukutani. Vijana tulikwenda kuiona. Mzee aliingia mara moja, akaambiwa alipe kwanza ndipo apewe, akatoka. Kwake kudaiwa kabla ya kula ni kuitwa mwizi, na mimi nilikuwa upande wake, ingawa viazi vyao nilivipenda.

Jengo lile la ukuta mnene liliuzwa na ua ukazungushiwa mabati ya ujenzi. Kabla ya kuhamia Kivukoni, mama alipanda ghorofa zetu zote, daftari kwapani, mlango kwa mlango. Wakubwa walilipa haraka, tena wakiwa wamesimama. Tulipofika kwenye jina la kijana mmoja aliyekuwa amehamishiwa Mwanza, mama alikaa kimya akimtazama mzee wa masijala. Mzee alitoa pesa mfukoni, akalipa lile deni lote, mistari ikakatwa. Mama alipokwisha kuondoka, mzee alivuta droo, akatoa kijidaftari chake mwenyewe, akaandika jina la yule kijana, kiasi, na mbele yake: "Wali maharage. Atume kwa basi."