Farasi Nilimpa Subira, Mke Wangu Je?

Ukiniuliza kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nitakwambia nafundisha farasi. Ndugu zangu wa Mbulu wakisikia hivyo huangua kicheko. Wao farasi wanawajua kwenye picha za kauboi. Wala si kosa lao, kwetu farasi ni wachache mno. Ndorobo na ugonjwa unaoenezwa na visubi huwamaliza. Mimi nilikua na ng'ombe na punda.

Mwaka 1991 nilikwenda Oklahoma, Marekani, kusoma kilimo. Ada ikanizidi kimo, nikatafuta kibarua. Nikapata cha kuzoa mavi kwenye mabanda ya mzee mmoja aliyekuwa mkufunzi wa farasi. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Nimekaa zaidi ya miaka 30!

Farasi wetu ni wa aina ya Quarter Horse, wafupi, wenye mapaja mazito. Jina lao limetokana na kukimbia robo maili, kama mita 400 hivi, kwa kasi ya ajabu. Ndio wanaopendwa na wachunga ng'ombe, na mchezo wetu, reiningi, umezaliwa machungani humo humo. Unaingia uwanjani peke yako, hatamu kwenye mkono mmoja. Farasi anapiga duara kubwa kwa kasi, kisha dogo polepole. Anajizungusha papo hapo kama pia. Anakimbia, halafu anasimama kwa kuserereka na miguu ya nyuma, vumbi linatimka. Mwamuzi anakuanzishia alama 70, na kila zoezi linaweza kukuongezea au kukupunguzia hadi alama moja na nusu. Umeambiwa mizunguko minne ukapiga mitano? Sifuri. Kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Chama cha mchezo huu, NRHA, kilianzishwa mwaka 1966. Mashindano yake makubwa, Futurity, ni ya farasi wa miaka mitatu, na hufanyika Oklahoma City kila mwisho wa mwaka. Ukifanya vizuri pale, matajiri wanakuletea farasi wao. Ukiboronga, mabanda yanabaki matupu na bili zinakusubiri mlangoni.

Yule mzee alinifundisha jambo moja kubwa. Farasi hajifunzi pale unapovuta hatamu, anajifunza pale unapoachia. Unamgusa kwa mguu, unasubiri. Akijaribu hata kidogo, akisogeza kwato moja tu upande unaoutaka, unaachia hapo hapo. Kule kuachia ndiko kumwambia, "Ndiyo, ni hivyo hivyo." Usipoachia, atadhani amekosea. Ukiendelea kumbana kila siku, mwisho wake anakuwa mgumu wa mdomo, au anakata tamaa na kusimama tu, macho hayana uhai.

Hilo nililishika vizuri sana. Nilivunjika mfupa wa bega, nikang'atwa, nikaburuzwa, lakini subira haikuniisha. Watu walinisifu, "Yule Mwafrika ana mkono mwepesi."

Basi sikia ya nyumbani.

Mke wangu ni muuguzi, tulioana mwaka 1995. Alikuwa akifanya kazi usiku, mimi naamka saa kumi alfajiri kulisha farasi. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama mabasi. Na kila tulipokutana, mimi nilikuwa na la kukosoa. Chai imepoa. Bili imechelewa kulipwa. Watoto hawajachana nywele. Akirekebisha moja, nilikuwa tayari na la pili. Nilijiona mume makini!

Asubuhi moja ya mwaka 2008 alitoka kazini akapitia uwanjani, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Nilikuwa na farasi jike mdogo, mwoga, anayekataa kugeuka kushoto. Nilikaa naye karibu saa nzima. Alipoinamisha pua kidogo tu upande wa kushoto, nikaachia hatamu, nikamsugua shingo, nikamwambia, "Safi sana, mama."

Kugeuka, mke wangu yuko pale kwenye uzio, bado na sare za kazi, machozi yanamtoka.

"Baba watoto," akasema, "huyo kageuza pua tu umemwachia. Mimi nimejaribu miaka 13. Lini uliniachia?"

Jamani, nilikosa jibu. Akaniambia ameshaongea na dada yake wa Houston, na kwamba wiki ijayo atakwenda kukaa kule na watoto kwa muda. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka farasi aliyekata tamaa, yule asiye na uhai machoni. Kumbe nilikuwa naye chumbani.

Alikwenda Houston kweli, akakaa miezi miwili. Sikumzuia, maana hata hilo lingekuwa kuvuta hatamu. Nilimpigia simu kila jioni, na nilijipa sharti moja tu: kabla ya kukata simu, nimshukuru kwa jambo moja alilolifanya, liwe dogo namna gani. Mara ya kwanza aliniuliza, "Wewe unaumwa?" Mara ya kumi alikaa kimya. Wiki ya saba akasema, "Watoto wamekumbuka nyumbani." Sikuuliza kama na yeye amekumbuka. Niliachia.

Sitaki kukudanganya eti tangu hapo ni raha tupu. Bado mdomo wangu una haraka, na yeye bado ananikumbusha, "Hatamu!" Tukisikia hivyo wote tunacheka. Mwaka jana niliacha kushindana, bega limechoka. Nimebaki kufundisha vijana, na wengi wao wanataka kujua namna ya kuvuta. Nawaambia wasubiri, hiyo ndiyo rahisi.

Na wewe unayesoma hapa, mwenzio leo kajaribu nini? Labda kapika, labda kawahi kurudi, labda kanyamaza badala ya kujibu. Si kikubwa. Lakini umeona? Basi mwambie leo, kabla hajachoka kujaribu.