Keria ya Gari Lenye Paa la Kuinuka

Likizo ya Juni iliyopita nilikaa majuma matatu kwa mjomba wangu, ambaye ana gereji ndogo katika mtaa wa Unga Limited, mjini Arusha. Kazi yangu ilikuwa kushika mwisho wa pili wa kila kitu: wa tepu ya kupimia, wa bomba, wa kamba. Mtu anayeshika mwisho wa pili huona kazi yote, na kazi niliyoiona vizuri kuliko zote ni ile ya kuweka keria juu ya gari la Mama Daktari.

Mama Daktari ni daktari wa mifugo. Huzunguka vijiji vya upande wa Longido akichanja mbuzi na kondoo kuzuia sotoka, na kwa kuwa vijiji vingi havina nyumba ya wageni, hulala garini. Gari lenyewe ni Toyota HiAce kuukuu iliyokuwa ya watalii. Wasomaji wanaokaa Arusha au Moshi wamekwisha kuona magari ya namna hiyo: paa limekatwa tundu kubwa, na juu ya tundu pana kifuniko cha faibaglasi ambacho huinuliwa ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Kifuniko cha gari hili kina bawaba upande wa nyuma, nacho huinuka upande wa mbele kama kifuniko cha sanduku, kikashikiliwa na mikono miwili ya gesi. Mama Daktari aling'oa viti vya nyuma, akatia kitanda cha mbao, kisha akashonea turubai pande zote za kifuniko. Basi usiku akikiinua hupata chumba cha kusimama wima, akavaa nguo zake bila kuinama kama mtu anayetafuta sindano.

Shida yake ilikuwa mahali pa kuweka mizigo. Masanduku ya barafu ya kutunzia chanjo yalijaza nafasi yote iliyobaki ndani, kwa hiyo alitaka keria ndefu, itoke juu ya dereva mpaka nyuma kabisa. Alitaka ibebe tairi la akiba, madumu mawili ya maji, turubai kubwa na nguzo zake, meza ya kukunja, koleo na kamba. Alikuja siku ya Jumatatu, na safari ya Kitumbeine ilikuwa Alhamisi.

Mjomba alipanda ngazi, akakigonga kifuniko kwa vidole, kisha akaniita nami nikaone. Palikuwa na matundu manane yaliyozibwa kwa silikoni, na kutoka tundu moja ufa ulikuwa umetambaa karibu shibiri nzima. Kumbe mwenye gari wa zamani alikwisha kutoboa kifuniko na kufunga keria juu yake. Faibaglasi haipendi bolti inayovuta mahali pamoja. Barabara ya changarawe huitikisa, mzigo huipiga juu chini, na ufa huanzia kwenye tundu. Mvua nayo haihitaji kuonyeshwa njia.

"Mama," mjomba akasema aliposhuka, "keria ndefu sitaiweka."

Nilistaajabu, maana nilijua hesabu zake. Keria ndefu ilikuwa kazi ya shilingi 380,000, na mwisho wa mwezi mwenye kiwanja alikuwa anakuja kuchukua kodi. Mama Daktari naye hakufurahi. Alisema kwamba fundi mwingine, barabara ya pili tu, amekubali kuifanya kwa siku moja. Mjomba akajibu, "Hewaa, huyo ni fundi mwenzangu, wala simzuii mtu. Lakini kabla hujaenda, Mama, nakuomba ujaribu jambo moja."

Tukalipima tairi la akiba katika mizani ya duka la nafaka lililo jirani: kilo 22. Tukalipandisha na kulilaza katikati ya kifuniko, tukalifunga kwa kamba. Kisha mjomba akamwomba Mama Daktari aingie ndani, akiinue kifuniko peke yake, kama afanyavyo usiku kule porini. Akasukuma, na kifuniko kikainuka. Alicheka, akasema, "Mbona rahisi?" Mjomba akamwambia, "Sasa achia polepole, lakini mikono isiende mbali." Alipolegeza mikono, kifuniko kilisita kidogo, kikaanza kurudi chini, kwanza taratibu, halafu kwa haraka. Alikidaka. Kicheko kikakoma.

Mwalimu wetu wa fizikia atafurahi kusikia kwamba usiku ule nilichukua kalamu. Kifuniko kina urefu wa mita 2. Tairi lilikuwa katikati, yaani mita 1 kutoka kwenye bawaba, na Mama Daktari alikuwa akisukuma kwenye ncha ya mbele, mita 2 kutoka kwenye bawaba. Kwa hiyo yeye alihisi nyongeza ya kilo 11 tu, mzigo ambao mtu mzima haulalamikii. Lakini mikono ya gesi imefungwa karibu na bawaba, kama nusu mita tu. Kwa umbali huo, uzito uleule wa kilo 22 hugeuka kuwa nyongeza ya kilo 44 juu ya mikono yote miwili, tena hapo nimeiacha pembe ya mikono yenyewe, ambayo huzidisha shida. Ndiyo sababu mtu anaweza kuinua kitu ambacho mikono ya gesi haiwezi kukishikilia. Na mtu hulala usingizi. Mikono ya gesi ndiyo inayobaki macho.

Mama Daktari hakuondoka. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Je, keria ikisimama kwa miguu yake pembeni, ikapita juu ya kifuniko bila kukigusa? Mjomba akajibu kwamba hapo kifuniko hakitapata mzigo wowote, ila pia hakitafunguka, na gari litakuwa limerudi kuwa HiAce ya kawaida. Je, ikitiwa mikono ya gesi yenye nguvu zaidi? Hiyo huwezekana, lakini siku ambayo keria ni tupu kifuniko kitaruka juu kikifunguliwa, na kukishusha itakuwa vita. Isitoshe, ule ufa ungebaki palepale.

Ndipo mjomba alipomweleza habari za magari ya Kijerumani. Kampuni ya Westfalia ilianza kutengeneza Volkswagen za kulalia katika miaka ya 1950, na baadaye ikaziwekea paa la kuinuka. Mjomba aliwahi kutengeneza breki za mojawapo, ya miaka ya 1980, iliyokuja na wasafiri, naye akaona kwamba mahali pa mizigo palikuwa juu ya dereva, mbele ya paa linaloinuka. Alisema, "Waliolitengeneza waliliacha paa lifanye kazi yake moja."

Basi tukafuata mfano huo. Juu ya dereva palikuwa na bati zima lisilokatwa, lenye urefu wa sentimita 80 hivi, na kando yake mfereji wa mvua. Mfereji huo ni mahali penye nguvu, kwa sababu ndipo bati la paa na bati la ubavu linapochomelewa pamoja. Magari mengi ya siku hizi hayanao, na mafundi husikitika. Tulikata bomba za mraba, tukatengeneza fremu yenye miguu minne, na chini ya kila mguu tukaweka kibanio cha kuuma mfereji, chenye kipande cha mpira wa tyubu ili chuma kisikwaruze rangi na kuita kutu. Kuchomelea kote kulifanyika chini, mbali na gari. Kijana mmoja pale gereji alitaka kuchomelea juu kwa juu ili kuokoa muda, na mjomba alimtazama mpaka akakumbuka kwamba faibaglasi huwaka moto.

Halafu tukaanza kupunguza. Madumu ya maji, kilo 42 yote mawili, yalikwenda ndani, sakafuni nyuma ya dereva, kwa sababu maji juu ya paa hulivuta gari kando kila linapoinama katika korongo. Ilibidi ubao wa kitanda ukatwe kidogo ili yaingie, na Mama Daktari alinung'unika, kwa haki. Tairi la akiba lilirudi chini ya sakafu, mahali lilipowekwa na kiwanda, baada ya sisi kutengeneza upya kishikio chake kilichokuwa kimeng'olewa. Juu zikabaki kilo 27: turubai na nguzo, meza, koleo na kamba. Keria yenyewe ilikuwa kilo 11. Ule ufa tuliupiga msasa, tukauziba kwa nguo ya faibaglasi na gundi yake, na matundu manane vivyo hivyo.

Kazi yote ililipwa shilingi 210,000. Mwenye kiwanja alipata nusu ya kodi yake na maneno mazuri kwa nusu iliyobaki. Maneno yale hakuyapenda.

Jumatano jioni Mama Daktari alikuja kulichukua gari. Aliingia ndani, akainua kifuniko, akaachia mikono, akakaa kitandani akikitazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaagiza chai kwa sisi sote.

Nilikuwa nimekwisha kurudi shuleni aliporudi Arusha. Mjomba alinipigia simu siku ya Jumapili. Alisema gari lilipita gereji likiwa jekundu kwa vumbi, kiraka cha ufa hakikuvuja, na kwamba bolti mbili za kibanio cha kushoto zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Alizikaza, akatia nati za pili juu yake.