Hilux Isiyotoa Moto

Jumanne, 3 Septemba 2024

Mwalimu mstaafu ameletwa na gari lake likivutwa kwa kamba: Hilux ya kabureta, injini 22R. Stata inazungusha vizuri, injini haiwaki. Alishauriwa anunue plagi, akanunua, koili, akanunua. Sasa anaambiwa ni ignita. Nimemwambia, "Shikamoo Mwalimu. Ignita isubiri, tupime kwanza." Pensheni ya mtu si ya kubahatishia.

Nimeanzia kwenye moto wenyewe. Waya mkubwa wa koili nimeuchomeka plagi, ganda lake likagusa chuma cha injini. Kijana wangu wa gereji alitaka kuuacha waya ukining'inia, nikamkataza: umeme ule unaweza kupita volti 20,000, na ukikosa njia unaweza kuua koili au ignita. Hakuna cheche. Basi kofia ya distribyuta, rota na waya za plagi nimeziweka kando. Moto haufiki huko.

Jumatano, 4 Septemba

Swichi ikiwashwa, chanya ya koili ina volti 12, na stata ikizunguka umeme bado upo. Taa ya kupimia nimeiweka kwenye hasi. Injini ikizungushwa taa ilipaswa kupepesa, inawaka mfululizo. Maana yake ignita haifungui na kufunga umeme wa koili, na bila hivyo koili haizai cheche.

Hapa ndipo wengi huihukumu ignita. Lakini ignita hungoja ishara ya sensa iliyo ndani ya distribyuta. Ishara isipokuja, ignita hukaa kimya hata ikiwa nzima. Nimepima sensa: ohmu 156, na inayotakiwa ni 140 hadi 180. Hiyo ni sensa iliyotulia, na injini haifanyi kazi imetulia.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemuuliza Mwalimu gari lilianzaje. "Lilikuwa linakatakata nikikanyaga mafuta, hasa mlimani." Jibu hilo limenipeleka kwenye vakyumu ya distribyuta, inayoisogeza sensa.

Nimeacha mita kwenye sensa, nikafyonza mpira wa vakyumu kwa mdomo. Sahani inayobeba sensa ikasogea, mita ikaonyesha njia imekatika. Nikaachia, 156 ikarudi. Shaba ya waya wa sensa imekatika ndani ya ganda lisilo na hata mkwaruzo; ikitulia hugusana, ikitikiswa huachana. Sahani hiyo husogea kadiri dereva anavyokanyaga na kuachia mafuta, na waya hukunjwa palepale miaka yote, ndani ya joto.

Nimelehemu waya laini wa nyuzi nyingi, nikauachia ulegevu wa kutosha, bila kugeuza upande wa waya mbili za sensa, maana zikipishana taimingi huharibika. Nafasi ya sensa nimeiweka ndani ya milimita 0.2 hadi 0.4. Gari limewaka, taimingi nimeihakiki.

Ignita ni ileile iliyokuja na gari. Tungeibadilisha, Hilux ingebaki bila moto, na Mwalimu angeambiwa anunue distribyuta nzima.